Barua Iliyochanwa

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa sekondari hapa Mombasa. Wengi walioshindwa kufika wameiomba, basi naiweka yote kama nilivyoisema.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mlioketi mbele, walimu wenzangu, akina mama na akina baba, na nyinyi wanangu wa kidato cha tatu na cha nne ambao kikao hiki ni chenu hasa, nawaamkua nyote kwa heshima.

Nimeitwa kuzungumzia kitabu, na wengi wenu mnajua kwa nini. Miezi michache iliyopita, katika chama cha wasomaji ninachokisaidia, msichana mmoja alishika zamu ya kusoma kwa sauti. Alisoma vizuri, kwa kujiamini, hadi alipolifikia neno moja la matusi ambalo Wazungu wa Marekani waliwaitia watu Weusi. Akalisoma. Mstari uliofuata akalikuta tena, akalisoma kwa sauti ya chini. Mara ya tatu akanyamaza, akakifunga kitabu, akakiweka mezani na kusema, "Mwalimu, hapa natukanwa mimi." Jioni ile babake alinipigia simu. Hakufoka wala hakutisha. Aliniuliza tu, "Mwalimu, nakuheshimu, lakini niambie, kitabu hiki kitamfaa nini mwanangu?" Nilimjibu kwa haraka na nikamjibu vibaya. Leo yumo humu ukumbini, na hotuba hii ni jibu lake kabla ya kuwa jibu la mtu mwingine yeyote.

Kitabu chenyewe ni Adventures of Huckleberry Finn, cha Mark Twain. Hilo ni jina la kalamu la Samuel Clemens, aliyezaliwa mwaka 1835 katika jimbo la Missouri na kukulia Hannibal, mji mdogo kando ya mto Mississippi, ambako watumwa waliuzwa na kununuliwa kama ng'ombe. Kilitoka Uingereza Desemba 1884 na Marekani Februari 1885. Anayesimulia ni Huck, mvulana wa miaka kama kumi na mitatu hivi, mtoto wa mlevi, anayemkimbia babake kwa sababu ya kipigo. Kisiwani anakutana na Jim, mtumwa wa mwanamke mcha Mungu aitwaye Bi. Watson. Jim naye ametoroka, kwa kuwa amemsikia bibi yake akisema kwamba amepewa bei ya dola 800 ili amuuze New Orleans, mbali kabisa na mkewe na watoto wake. Wawili hao wanapanda chelezo na kuufuata mto.

Sasa tazameni tarehe, wanangu. Kitabu hiki kilipotoka mwaka 1885, Marekani ilikuwa imeufuta utumwa miaka 20 nyuma. Je, sisi? Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa ametia sahihi mkataba wa 1873 wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia usafirishaji wao baharini, na mwaka 1875 wamisheni wa Kiingereza walikuwa wameanzisha makazi ya Freretown, pale Kisauni, kwa ajili ya watu waliookolewa majahazini. Lakini kummiliki mtu kulikuwa bado halali katika mwambao huu, na kukaendelea kuwa halali hadi 1907. Yaani Mmarekani aliyeisoma hadithi ya Jim alisoma habari za jana yake. Mtu wa Mombasa wa siku ile angeisoma habari ya leo, na huenda Jim angekuwa ndiye aliyemletea maji ya kunawa. Kila siku makondakta wa matatu hupaza sauti, "Kengeleni! Kengeleni!" Wangapi kati yetu huikumbuka kengele yenyewe, iliyopigwa pale Freretown kuwaonya wakaazi kwamba jahazi la watumwa linakaribia?

Kwa hiyo nawaomba tusikisome kitabu hiki kana kwamba ni aibu ya watu wengine.

Jambo la kwanza ninalotaka kulisema linahusu dhamiri, na hapa nitakaa kwa muda mrefu. Tumezoea kuwaambia watoto: fuata dhamiri yako. Tunasema hivyo kana kwamba dhamiri ni dira iliyotengenezwa mbinguni na kutiwa kifuani mwa mtoto siku anayozaliwa. Mark Twain hakuamini hivyo. Mwaka 1895, akijiandaa kuzungumza na hadhara kuhusu kitabu hiki, aliandika katika daftari lake kwamba ni kitabu ambamo moyo salama na dhamiri iliyopotoshwa vinagongana, na dhamiri ndiyo inayoshindwa. Sikilizeni tena. Dhamiri ndiyo iliyopotoka. Dhamiri ndiyo inayoshindwa. Na mwandishi anafurahi kwamba imeshindwa.

Inawezekanaje? Katika sura ya 16, Jim anadhani amekaribia nchi ya uhuru. Anasema kwa furaha jinsi atakavyofanya kazi, aweke akiba, amnunue mkewe. Kisha wafanye kazi wote wawili wawanunue watoto wao. Na kama bwana wao atakataa kuwauza, atatafuta mtu wa kuwaiba. Baba anazungumza juu ya watoto wake wa kuwazaa. Huck anasikia nini? Anasikia mwizi. Anashtuka kwamba Jim anakusudia kuiba watoto walio mali ya mtu ambaye yeye Huck hamjui hata kwa sura, mtu ambaye hajamkosea kitu. Dhamiri inamchoma. Anapanda mtumbwi kwenda kumtoa Jim, na Jim, asiyejua lolote, anampigia kelele kutoka kwenye chelezo kwamba yeye ndiye rafiki bora aliyepata kuwa naye. Mtoni Huck anakutana na wanaume wawili wenye bunduki wanaowasaka watoro. Wanamuuliza: mtu aliye chelezoni kwako ni mweupe au mweusi? Anataka kusema kweli, ulimi unakataa. Anasema ni mweupe. Kisha anawafanya waamini kwamba mle mna ndui, nao kwa woga wanarudi nyuma na kumwachia vipande viwili vya dhahabu, dola 40 jumla. Anapobaki peke yake Huck hajioni shujaa. Anajiona mtoto mbaya asiyefundishika.

Nani alimfundisha hivyo? Babake mlevi? La, hasha. Walimfundisha watu wema. Walimfundisha wale waliomwosha, wakamvika, wakampeleka shule. Walimfundisha waliosali kabla ya kula. Bi. Watson, aliyempangia Jim bei, ndiye huyo huyo aliyemfunza Huck habari za moto na pepo. Mwandishi mwenyewe, alipoandika juu ya utoto wake, alikiri kwamba hakupata kusikia mtu akiushutumu utumwa, na kwamba mimbarini waliambiwa Mungu ameuridhia. Sisi husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na tunasema kweli. Lakini je, kama malezi yenyewe yalikuwa na kombo, na walezi walikuwa watu tunaowapenda?

Niwape kisa cha kwetu, na nawaombeni radhi, kwa sababu ni kisa changu. Nimelelewa na bibi yangu, mzaa mama. Sijapata kumwona mtu mkarimu kumshinda. Chungu chake hakikuepuliwa jikoni kabla ya jirani kupata bakuli lake, na hakuikosa sala hata siku alizoshikwa na homa. Kila palipokuwa na harusi mtaani, alikuja mama mmoja kupika. Alipika pilau la watu mia, akakosha masufuria, na wageni walipoandaliwa yeye alikula nyuma, uani, juu ya kibao cha mbuzi. Siku moja nilimuuliza bibi kwa nini mama yule haketi mkekani na wenzake. Bibi hakukasirika. Alinipangusa vumbi usoni, akasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, "Yule si mwenzetu, mwanangu. Wazee wake walikuwa watumwa." Akaendelea kuchagua mchele. Nilikuwa na miaka tisa. Nililipokea neno lile kama nilivyozipokea herufi chuoni, kwa sababu lilitoka kwa mtu ambaye hajapata kunidanganya.

Wiki haikupita. Uwanjani tulikuwa tukicheza mpira na mjukuu wa mama yule, rika langu, naye akanichezea rafu na kufunga bao. Nikamwita mtwana. Nilimwita mbele ya wote. Wenzangu walicheka, na mimi sikuona haya, kwa kuwa dhamiri yangu haikunichoma hata kidogo. Ingenichomaje, nayo ilikuwa imefundishwa kwamba hilo ni jina lake? Mwenzangu hakujibu. Aliuokota mpira, uliokuwa wake, akaenda zake. Nitakirudia kisa hiki.

Tuitazame na lugha yetu. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Mtoro ni aliyetoroka. Mzalia ni mtumwa aliyezaliwa hapa mwambaoni. Mtwana, kijakazi, suria, kila moja lilikuwa na mahali pake katika nyumba za wakubwa. Na kinyume chake ni nini? Ni muungwana. Leo tukisema fulani ni muungwana tunamsifu kwamba ni mpole, mkweli na mwenye haya. Zamani neno hilo lilimaanisha kwanza mtu asiyekuwa mtumwa. Fikirini jinsi lugha ilivyoyafunga mambo hayo mawili pamoja: aliyezaliwa huru ndiye mwema, na mwema ndiye aliyezaliwa huru. Hiyo ndiyo dhamiri ya Huck, wanangu, ila ya kwetu imesemwa kwa Kiswahili fasaha. Na bado watu hawa hawa wa mwambao wametuachia msemo kwamba uungwana ni vitendo. Sijui nani aliutamka kwanza. Napenda kuamini kwamba alikuwa mtumwa.

Sasa tuje kwenye barua. Katika sura ya 31, matapeli wawili waliopanda chelezo na kujifanya watu wa nasaba kubwa wamemuuza Jim kwa siri, kwa dola 40. Huck yuko peke yake. Anawaza kwamba haya yote ni adhabu ya Mungu kwa kumwibia Bi. Watson mtumwa wake. Anajaribu kusali, maneno hayatoki, kwa kuwa anajua huwezi kumwomba Mungu kwa uongo. Basi anachukua karatasi na kuandika: Bi. Watson, mtumwa wako aliyetoroka yuko mahali fulani, mtu fulani amemshika, tuma zawadi ya fedha atakurudishia. Akimaliza anajisikia mwepesi, ametakasika, kama hajapata kutakasika maishani mwake. Utulivu ule ambao sisi sote tunautafuta msikitini na kanisani, Huck ameupata kwa kumuuza rafiki yake. Je, kuna jambo la kutisha kuliko hilo katika fasihi mliyoisoma?

Kisha, kabla ya kusali, anakumbuka. Anamkumbuka Jim akishika zamu mbili za usiku ili yeye asiamshwe. Anamkumbuka Jim alivyofurahi walipoonana tena baada ya kupoteana katika ukungu. Anaishika ile barua mkononi, anatetemeka, anabana pumzi, na hatimaye anasema: basi, na niende motoni. Anaichana.

Wapo wanaosema hapo Huck amemkana Mungu, na kwamba kijana asisome maneno hayo. Nawaheshimu, lakini mimi naona kinyume. Wenzangu Waislamu wanaikumbuka hadithi ya Wabisa, aliyekwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akitaka kujua wema ni nini na dhambi ni nini, akaambiwa auulize moyo wake, hata kama watu watampa fatwa. Kitabu kizima cha Mark Twain kimo katika maneno hayo. Watu walikuwa wamekwisha kumpa Huck fatwa yao. Naye anaamini kwa dhati kwamba anakwenda motoni. Hatafuti thawabu, hategemei sifa, hakuna anayemwona. Nyinyi mnaosoma mnajua asichokijua yeye, kwamba hiyo ndiyo saa yake safi kuliko zote.

Na angalieni ni nini kilichoushinda ule uongo. Hakikuwa kitabu, wala mawaidha, kwa sababu Huck hakupata kusikia hata wazo moja la kuupinga utumwa lililomkaa. Kilichoushinda ni siku nyingi za kuishi na mtu mmoja mwenye jina. Moyo wake ulikuwa na mwalimu, na mwalimu huyo ni Jim. Hapo ndipo nilipokosea nilipomjibu babake msichana wetu kwenye simu. Nilimwambia kitabu hiki kinafundisha watoto kufuata dhamiri. Ningemwambia kwamba kinawafundisha kuikagua.

Habari za kukatazwa kwake nitazipitia kwa haraka. Mwaka 1885 ule ule, maktaba ya mji wa Concord, Massachusetts, ilikiondoa kwa sababu lugha yake ni ya mtaani na shujaa wake ni mwongo asiye na adabu. Mwaka 1905, maktaba ya Brooklyn ilikitoa katika chumba cha watoto kwa sababu za namna hiyo hiyo. Hakuna aliyesema kwamba kinawadhalilisha watu Weusi. Lawama hiyo ilikuja baadaye. Mwaka 1957 New York ilikitoa katika orodha ya vitabu vya baadhi ya shule zake, na tangu hapo wazazi Weusi katika miji mingi wamesimama na kusema alichosema msichana wetu: hapa natukanwa mimi. Neno lile limo zaidi ya mara 200. Mwaka 2011 ilitolewa nakala ambayo ndani yake neno hilo limebadilishwa likawa neno la kawaida la mtumwa.

Mimi siukubali ubadilishaji huo, na Kiswahili kinanisaidia kueleza kwa nini. Utumwa ni hali. Mtu huingizwa na anaweza kutolewa. Tusi ni hukumu juu ya asili yake. Katika sura ya 32 Huck anadanganya kwamba mtambo wa meli umelipuka. Mama mmoja mkarimu, Bi. Sally, anauliza kama kuna mtu aliyeumia. Huck anajibu: hapana, ameuawa fulani mmoja, na hapo anatumia neno lile. Yule mama anashukuru, kwa kuwa wakati mwingine watu huumia. Watu! Mtu mmoja amekufa, na mama mwema anashukuru kwamba hakuna mtu aliyeumia. Kama mauti hayo yataandikwa kwa neno jepesi, ukatili wa sentensi ile utapungua, na mwandishi alikusudia tuuone wote.

Lakini pia sikubali mtoto alazimishwe kulitamka. Kosa la siku ile lilikuwa langu, na nimekwisha kumwomba radhi mbele ya wenzake. Siku hizi sura zenye neno hilo kila mmoja huzisoma kimya, na tukizungumza tunasema "neno lile". Hatujapoteza chochote.

La pili ni utambulisho, na hapa namgeukia Jim, ambaye wasomaji wengi humwacha nyuma ya Huck. Huck hubadilisha majina kama mtu anayebadilisha shati. Mara ni msichana aitwaye Sarah, mara ni George, na mwishoni hata anajiita Tom Sawyer, jina la rafiki yake. Mwanamke mmoja anamgundua kwamba si msichana kwa namna anavyotia uzi kwenye sindano. Kila uongo wake unasameheka, kwa kuwa ngozi yake inamfungulia milango. Je, Jim anaweza kubadilisha jina? Afanye nini na uso wake? Mchana hufichwa, hufungwa kamba ili aonekane kama mtoro aliyekwisha kukamatwa, na kuna wakati hupakwa rangi ya buluu na kuandikiwa kwamba ni Mwarabu mgonjwa. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza, nikiwa kijana wa hapa Mombasa, nilikaa nalo kwa muda mrefu.

Ila Jim anajijua yeye ni nani. Katika sura ya 15, Huck anamfanyia mzaha, anamfanya aamini kwamba mateso yao katika ukungu yalikuwa ndoto. Jim anauona uchafu na majani yaliyorundikana juu ya chelezo, anaelewa, na anamwambia Huck kwamba takataka ni ile, na takataka ni watu wanaowatia rafiki zao uchafu kichwani na kuwaaibisha. Kisha anaingia kibandani. Huck anachukua dakika 15 kujilazimisha kwenda kujinyenyekeza kwake. Na katika sura ya 23, Jim analia usiku akimkumbuka bintiye wa miaka minne, aliyepona homa kali. Alimwambia afunge mlango, mtoto akasimama akitabasamu, akamrudia kwa ukali, mtoto hakujongea, akampiga kofi. Kisha upepo ukaubamiza mlango nyuma ya mtoto, kishindo kikubwa, naye hakushtuka. Ndipo Jim alipotambua kwamba ile homa ilimwacha kiziwi. Nawauliza wazazi: kuna mtu humu asiyemwelewa baba huyo?

Sasa nifuateni katika hesabu moja ndogo ambayo sijachoka kuwaonyesha wanafunzi. Ile fedha ambayo Huck aliachiwa mtoni siku alipokataa kumtoa Jim ilikuwa dola 40. Fedha ambayo tapeli alimuuza Jim ilikuwa dola 40. Na katika sura ya mwisho, baada ya kujulikana kwamba Bi. Watson alikufa miezi miwili iliyopita na kumwacha Jim huru kwa wasia, na kwamba Tom Sawyer alijua siku zote na akanyamaza ili apate mchezo wa kumtorosha mtu aliye huru tayari, Tom anamlipa Jim kwa usumbufu wake. Kiasi gani? Dola 40. Jim anafurahi. Mimi siwezi kufurahi naye. Sura zile za mwisho, ambamo mtu mzima, baba wa watoto, anachezewa na panya na nyoka gizani ili mvulana mmoja afurahi, ni udhaifu mkubwa wa kitabu hiki, na Huck, aliyeichana barua, anasimama pale akikubali. Siwaombi mkipende kitabu chote. Mwaka 2024 mwandishi Mmarekani Mweusi, Percival Everett, alitoa riwaya iitwayo James, ambamo Jim mwenyewe ndiye anayesimulia, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Kumbe palikuwa na la kusema, na lilichukua miaka 140.

Na kwetu nani alisimulia? Twendeni Rabai, hapo juu, mwendo mfupi kutoka hapa tulipo. Katika miaka ile ile ya 1880, watoro kutoka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia misheni ya Rabai. Sheria iliwatambua kuwa mali ya mabwana zao, na wamisheni walionywa wasiwapokee. Mmoja wa waliosimamia misheni ile alikuwa William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa mwenyewe, akaokolewa na kusomeshwa India kabla ya kurudi huku. Watoro wakaja, wakapata mahali. Ilipofika mwaka 1888 walikuwa zaidi ya 1,400. Mabwana walidai mali yao kwa hasira, na fitina ilikaribia kuwa vita. Hatimaye George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza alilipa fidia, na mwanzoni mwa 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Fidia hiyo walilipwa nani? Walilipwa mabwana. Na sheria ya 1907 nayo ilipokuja, walilipwa fidia mabwana. Jim wa kitabuni alau alipata dola 40.

Sisemi haya kumnyoshea kidole mtu yeyote wala ukoo wowote. Nasema kwa sababu vijana hawa wanaishi kati ya Kengeleni na Rabai, na wanasoma kuhusu Mississippi.

Nilisema nitakirudia kisa changu. Huck alichukua dakika 15. Mimi nilichukua miaka 31. Nilikuwa nafundisha sura ile ya 15, nimesimama na chaki mkononi, nikashindwa kuimaliza. Jumapili yake nilimtafuta mwenzangu yule, ambaye sasa ni fundi seremala, tukakaa nje ya karakana yake. Nilimwambia nililomwita na mahali nilipolitoa. Alisikiliza akipiga randa ubao wake. Akaniambia kwamba bibi yake, yule mpishi, alipomwona amerudi mapema na mpira wake alimuuliza nani amemkera, naye akasema hakuna. "Hukumwambia?" nikamuuliza. "Ningemwambiaje?" akasema. Kisha akaniagizia chai.

Msichana wetu naye alirudi. Hakuna aliyemlazimisha, alikichukua kitabu siku ya Ijumaa, akakisoma nyumbani, kimya kimya, na Ijumaa iliyofuata alinijia kabla ya wenzake kufika, kidole kikiwa kati ya kurasa za sura ya 31. Aliniuliza swali ambalo katika miaka yote ya kukifundisha kitabu hiki sikupata kujiuliza.

"Mwalimu, ile barua, Jim aliambiwa?"

Tuliketi, tukatafuta pamoja, sura baada ya sura, hadi ukurasa wa mwisho. Hakuambiwa.

Ahsanteni sana.